Dirisha la Pili: Ada imelipwa, lakini imelipwa ya nani?

Mwakeye wasomaji wangu. Vyuo vimefungua na barua zimejaa, simu yangu inatetemeka mezani kama ina homa. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la pili la chuo kimoja kidogo huku kwetu Kigoma. La kwanza lilikuwa la usajili, la pili la pesa, la tatu lilipigiliwa misumari toka nimeajiriwa mpaka nimestaafu na hakuna aliyewahi kuniambia lilikuwa la nini. Ndo maana mnaniita Bibi Dirisha, na mi nimekubali. Haya tuanze, tena na barua iliyoniuma.

Shikamoo Bibi Dirisha. Mi ni mwaka wa kwanza astashahada, chuo chetu kiko nje kidogo ya Kasulu ukishapita lami unaingia vumbi. Baba aliuza maharage akanitumia laki tatu na nusu ya ada, laini yangu ikawa imefungwa na kwa wakala foleni ilikuwa kubwa, kuna kaka wa mwaka wa pili huwa anasaidia watu kulipa kwa simu yake nikampa keshi. Akalipa mbele yangu kabisa, meseji nliiona malipo yamekamilika na jina la chuo lipo. Juzi wamebandika majina ya wasioruhusiwa kufanya test na mi nimo, kwa mhasibu naambiwa sijalipa hata mia. Kaka anasema ni mfumo unasumbua nisubiri. Nimesubiri siku kumi na moja sasa. Baba nitamwambia nini mie? — Mwaka wa kwanza, Kasulu

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kusubiri, leo hii ukimaliza kusoma hapa inuka uende.

Sasa nikuulize swali moja, kwenye ile meseji uliangalia jina la chuo, je uliangalia kontroo namba? Manake jina la chuo halikuambii kitu, wanachuo wote mnalipa chuo hicho hicho. Inayosema pesa ni ya nani ni ile namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99, na kila bili ina yake peke yake. Mfumo hauangalii simu ya nani imelipa wala nani ametoa keshi, unaangalia namba tu. Ukilipa kwa namba ya Asha deni linalopungua ni la Asha hata kama wewe ni Zaituni na umelia machozi. Kwahiyo mi naona hivi, na Mungu anisamehe kama nakosea: huyo kaka alikuwa na deni lake, akaweka namba yake, akatoa pesa yako, na meseji ikaja ya kweli kabisa isiyo na uongo hata chembe. Pesa imefika chuoni salama salimini, sema imefika kwa jina lake.

Ukitaka kujua, huhitaji kugombana na mtu. Ile meseji ulipoiona uliipiga picha? Kama hukupiga, mwambie yeye akutumie, mwambie kwa upole tu kwamba mhasibu ameiomba. Akikutumia, chukua namba iliyoandikwa humo uilinganishe na iliyoko kwenye bili yako wewe, tarakimu kwa tarakimu, weka kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikataa kukutumia nalo ni jibu. Hapo nenda kwa mhasibu mwambie tarehe, saa, na kiasi, laki tatu na nusu, aangalie siku ile nani alilipiwa kiasi hicho. Ni kazi ya dakika mbili, mi nimeifanya mara ngapi sijui. Ukifika usiulize "mbona sijaonekana" manake utajibiwa "hujalipa" na dirisha litafungwa, sema "naomba uangalie malipo ya tarehe fulani ya kiasi fulani yameingia kwenye bili ya nani". Maneno yale yale yakibadilishwa kidogo yanamfanya mtu ashike mausi.

Nikwambie kitu ambacho huwa sikisemi. Zamani kabla ya hizi namba, tulikuwa tunaandika risiti kwa mkono, kitabu chenye karatasi ya kaboni. Alikuja mzee mmoja kutoka huko Heru Juu na baiskeli, pesa kazifunga kwenye kitambaa kaziweka katikati ya kimfuko cha maharage ili wezi wasijue, tukazimwaga pale dirishani, noti zina vumbi la maharage, nikahesabu mara mbili nikamwandikia. Muhula uliofuata kitabu kile hakikuonekana. Na nakala yake mzee alikuwa ameiweka juu ya dari ikaliwa na panya. Mkubwa wangu akasema hakuna risiti hakuna malipo. Mi nilimkumbuka mzee, nilikumbuka hata yale maharage yalikuwa ya rangi gani, nikanyamaza manake nilikuwa mgeni kazini na naogopa. Mzee alilala getini siku mbili. Siku ya tatu akaenda kuuza mbuzi. Hilo dirisha sijalisahau mpaka leo na ndo maana mtu akiniambia "nimelipa ila sina karatasi" mi tumbo linanikata.

Basi turudi kwako. Ikishajulikana pesa imeingia kwa kaka, usimfuate peke yako chumbani kwake, mwite mbele ya CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, au waziri yeyote wa serikali ya wanafunzi, mwonyeshe namba, mwambie akurudishie. Wengi hapo wanarudisha manake aibu ya chuo kidogo ni kubwa, kila mtu anamjua kila mtu. Akigoma, mshauri wa wanafunzi, halafu polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, na wala usione haya eti ni kaka wa chuo. Wakati huo huo, na hili ndo la haraka kuliko yote, mwandikie barua mkuu wa chuo, ukurasa mmoja tu, eleza kilichotokea na uombe uruhusiwe kufanya test huku suala linashughulikiwa. Ambatanisha bili yako na hiyo meseji. Barua ipitie kwa mkuu wa idara, mwombe karani agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ile nakala yenye muhuri ndo mali yako, usiiweke juu ya dari.

Na baba mwambie. Mwambie leo kabla hajaambiwa na mtu. Gunia za maharage alibeba yeye, ana haki ya kujua zimeishia wapi.

Halafu ninyi wengine mnaosoma mnacheka, bili ile imeandikwa jina la mlipiwa, soma jina. Ina tarehe ya mwisho pia, ikipita namba inakufa unaomba nyingine. Na kuna bili zinazotaka ulipe kiasi kamili tu na kuna zinazoruhusu kidogo kidogo, uliza kabla hujaanza kuhangaika na wakala anayekwambia "imegoma".

Mambo vipi mama. Sisi tumepanga geto wanne nyumba moja na mwenye nyumba, mita ya umeme ya LUKU ni moja. Kila mwezi tunachanga elfu kumi kila mtu na umeme unaisha kabla ya tarehe ishirini. Mwenye nyumba anasema sisi ndo tunakula umeme. Na kila tukinunua mara ya kwanza ya mwezi kuna hela inakatwa. Tunaibiwa au? — Geto la Juu, stashahada mwaka wa pili

Poa, japo kwa umri wangu ningependa shikamoo, ila tuachane na hayo.

Hamuibiwi na mita, mnaumizwa na hesabu. Ngoja niwape maana hapa watu wengi sana wanaumia bila kujua. Kuna tarifu ya wateja wadogo, D1, wale wasiozidi unit 75 kwa mwezi. Hao unit ni shilingi 100, ukiongeza kodi na makato inafika kama 122. Ukizidi hizo 75 mnapigwa 350 kwa kila unit ya juu yake kabla ya kodi, na mkizoea kuzidi mnahamishiwa tarifu ya kawaida, T1, ambako unit ni 292, na makato inakuwa kama 356. Ndo maana mwenzenu anayekaa peke yake akinunua wa elfu tano anapata unit kama 41 na ninyi wa elfu tano mnapata 14. Umeme ni ule ule unaopita kwenye nguzo ile ile.

Sasa ninyi mko wanne na mwenye nyumba na familia yake. Tuseme kila chumba kinatumia unit 25, si nyingi hata kidogo. Vyumba vitano ni 125. Mmeshazidi, mko T1. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa elfu tatu na kidogo kwa mwezi, kwa pamoja mnalipa karibu elfu tisa kila mmoja kwa umeme ule ule. Mwenye nyumba akisema mnakula umeme yuko sahihi na hayuko sahihi.

Alafu niambieni ukweli, nani kati yenu ana jiko la koili? Yupo, nimeshasikia kimya. Koili ya wati 1,000 inakula unit moja kila saa. Maharage yetu ya Kasulu haya yakiwa ya mwaka jana yanachukua saa tatu, ni unit tatu, ni zaidi ya shilingi elfu moja ya umeme kuivisha kikombe cha maharage! Hita ya kuchemshia maji ya kuoga, asubuhi Juni na baridi ya hapa naelewa, lakini nayo kama ni wati 1,500 nusu saa tu ni robo tatu ya unit, mara wanne, mara siku thelathini, pigeni wenyewe. Simu haina shida, unit moja inachaji simu mwezi na zaidi. Taa ya LED ya wati 9 ukiwasha kwa masaa matano kila usiku unit moja inakwenda wiki tatu. Kwahiyo msigombane kuhusu taa na chaja, mnagombania pumba huku unga unamwagika.

Cha kufanya, loweka maharage usiku, pika yote ya siku tatu kwa mkaa au kuni siku ya Jumapili mchangie mkaa. Koili ibaki ya chai. Na kama mna mwaka mzima wa kukaa hapo, nunueni mita ndogo za ndani, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, fundi anafunga moja kila chumba, haishushi bei ya unit lakini inamaliza ugomvi manake kila mtu anaona chake.

Hiyo hela inayokatwa mwanzo wa mwezi ni kodi ya jengo, ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi na sasa ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Ila mita haijui nani kashika simu, inakata kwa yeyote anayenunua. Mwendeeni baba mwenye nyumba kwa adabu, na risiti mkononi, mwambieni hii 1,500 tuipunguze kwenye kodi ya chumba. Mwaka ni elfu kumi na nane. Wengine wanakubali, wengine wanasema "si mnaishi humo", hapo ni maelewano yenu ila mjue haki iko upande gani.

Bibi mi natokea Moshi, nimeletwa huku na serikali. Ugali wa muhogo kila siku, na dagaa kwenye mafuta mekundu. Unanata, kila nikitafuna hauishi mdomoni. Nimekonda. Nifanyeje? — Mgeni

Pole na safari baba, mwisho wa reli ndo hapa.

Kosa lako liko kwenye neno "nikitafuna". Ugali wa muhogo hautafunwi! Unamega tonge dogo, unalibonyeza katikati na dole gumba linakuwa kama kijiko, unachota mchuzi wa kutosha, unameza. Unateleza wenyewe. Ukitafuna utatafuna mpaka semista iishe. Na huo mchuzi wa mawese usiukimbie, dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenye mawese na pilipili kidogo ndo chakula kilichotulea sisi wote unaotuona tumesimama.

Ila kama kweli tumbo linakataa ongea na wapishi, si na mkuu wa chuo, wapishi. Mwambie yule mama wa jikoni akuchanganyie na unga wa mahindi nusu kwa nusu kwenye sufuria ya mwisho, wengi wenu mko hivyo na huwa wanafanya wakiombwa vizuri. Kamati ya chakula ya wanachuo ipo pia, nayo kazi yake ni hiyo. Ukiendelea kukonda mwezi ujao nitumie picha.

Shikamoo. Bweni letu lina kunguni. Tumepuliza dawa mara mbili wanarudi. Kuna mwenzetu kaleta dawa ya kupulizia shamba la tumbaku kutoka kwao tupulize, wengine tunaogopa. Matron anasema sisi ni wachafu. — Bweni la wasichana, jina kapuni

Marahaba wanangu. Kunguni hana habari na uchafu wenu, anachotaka ni damu na pa kujificha, atakaa kwa waziri na atakaa kwa mlinzi. Anasafiri kwenye begi na godoro. Mwanafunzi mmoja tu akirudi likizo naye kwenye sanduku inatosha bweni zima.

Hiyo dawa ya shambani MSIPULIZE, narudia, msipulize. Ile imetengenezwa kwa shamba lenye upepo, mtu anavaa barakoa anaondoka, si kwa chumba chenye vitanda sita na dirisha moja mnalala humo humo mnavuta hewa usiku kucha. Mrudishieni mwenyewe airudishe kwao. Na mafuta ya taa kwenye magodoro pia hapana, cheche moja tu.

Mnajua kwanini wanarudi? Mnapuliza mara moja wanakufa waliopo, mayai yanabaki. Baada ya wiki moja, au mbili hivi, yanaanguliwa mnaanza upya. Pia mnapuliza chumba kimoja, wenzao wanahamia cha jirani wanasubiri huko, na kunguni mkubwa anakaa miezi bila kula. Hana haraka yule.

Njia niliyoiona ikifanya kazi, tulikuwa na matron mmoja mwembamba mkali kweli, alikuwa anafanya Jumamosi. Asubuhi vitanda vyote vya bweni zima vinatolewa nje kwa siku moja, si kimoja kimoja. Zile dabodeka za chuma anazilaza chali kwenye nyasi, alafu anakaa na sindano kubwa ya kushonea magunia, anapitisha kwenye kila kona panapoungwa chuma na chuma na kwenye vitundu vya nati, wanatoka wamejazana kama mbegu za ulezi. Nyuma yake mtu na birika la maji yanayochemka, yanayochemka kweli kweli siyo ya vuguvugu, anamwaga pale pale. Chaga za mbao hivyo hivyo. Mashuka, vyandarua na nguo zinaloweka maji ya moto. Magodoro juani siku nzima, upande huu mpaka saa sita na upande ule baada ya hapo, na mnakagua mishono, manake jua peke yake halimalizi. Kuta zenye nyufa zinazibwa. Alafu anarudia baada ya wiki mbili, hata kama hakuna anayelalamika. Watu walikuwa wanamchukia hiyo Jumamosi ya pili manake hawaoni sababu. Ndo hiyo hiyo ya pili iliyokuwa inawamaliza kunguni.

Dawa ya kupuliza ndani ipo, ila iletwe na chuo, ipulizwe na anayejua, vyumba vyote siku moja na irudiwe. Andikeni barua moja mkasaini bweni zima, pelekeni kwa mshauri wa wanafunzi kama matron hasikii. Na mkirudi likizo mabegi yafunguliwe nje kabla ya kuingia.

Bibi nimepima nikakutwa na malaria nikapewa dawa mseto. Roommate wangu naye akawa anaumwa kichwa nikamgawia nusu, mimi nilikuwa nimeshapata nafuu siku ya pili. Sasa wiki imepita homa imenirudia. Nimpe lawama nani? — Mwanachuo, Kibondo

Ujipe mwenyewe, na nakusema kwa upendo.

Pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24 na havikuhesabiwa kwa bahati. Vinne unameza papo hapo, vinne baada ya masaa manane, alafu vinne asubuhi na vinne jioni siku ya pili, hivyo hivyo siku ya tatu. Piga hesabu, 24. Na unameza umekula, chakula chenye mafuta mafuta kidogo au maziwa, dawa inaingia vizuri mwilini. Siku ya pili unajisikia mzima kwasababu wadudu wamepungua, hawajaisha, ukiacha pale waliobaki wanazaana. Na roommate wako hakupimwa, kichwa kinauma kwa njaa, kwa test, kwa typhoid, kwa mambo mia. Umempa nusu dozi ya ugonjwa usiojulikana, nawe ukabaki na nusu dozi ya ugonjwa unaojulikana.

Rudi zahanati leo usisubiri kesho, waambie ukweli kwamba hukumaliza, usione aibu, wanasikia hilo kila siku. Upimwe tena, usiende kununua pakiti nyingine dukani kwa kubahatisha. Roommate naye apimwe. Kama kuna anayehisi ana mimba aseme kabla ya kupewa dawa yoyote. Ukiona kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, au macho ya njano, hapo siyo zahanati tena, tafuteni usafiri wa hospitali hata kama ni usiku na bodaboda ni ghali.

Na neti uitumie kulalia. Niliona hosteli moja wameifanya pazia.

Bibi habari za kazi. Bumu ni la vyuo vikuu tu au na sisi wa stashahada tunapata? — Mdogo, Uvinza

Salama mwanangu. Zamani huo mkopo ulikuwa ni wa digrii, ila kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwapa na wa stashahada, sema siyo kozi zote, ni zile za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na mifugo, nishati, madini na usafirishaji. Kozi yako hukuitaja! Mwongozo unatoka kila mwaka, usome wa mwaka wako, usisome wa kaka yako.

Linalowakwamisha watu wa kwetu si kozi, ni cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza na wengi mnakumbuka wiki ya mwisho, mtandao umeelemewa, bando limeisha, na jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni Jofrey na kwenye cha fomu foo ni Geofrey. Kama majina yako yanapishana hata herufi moja anza kushughulikia sasa hivi, kabla dirisha halijafunguliwa. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hivyo hivyo. Na mdhamini awe mtu unayeweza kumpata, siyo mjomba aliye Kongo.

Bibi, ni kweli mwanafunzi anaweza kumwona mkuu wa chuo moja kwa moja bila kupitia kwa mtu? — Bila jina

Anaweza. Nenda asubuhi kabla hajaletewa chai. Ukienda baada ya chai utaambiwa ameitwa wilayani.